Namna ya kutumia kitenzi cha Kiingereza "shut": mwongozo kamili kwa msemaji wa Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri vibao vya usalama vya jengo moja la ghorofa nyingi jijini Dar es Salaam. Kimojawapo kilikuwa kile cha duara la buluu chenye maandishi meupe, ambacho kimeenea sana Uingereza na katika majengo mengi ya nje yaliyoiga vibao vyake: "Fire door keep shut". Sikukifikiria sana. Niliandika "Mlango wa moto: uwe umefungwa wakati wote", nikalipwa ujira wangu, nikaenda zangu. Niliporudi baada ya wiki mbili kukagua kazi, nilikuta mlinzi wa zamu ametii maneno yangu kuliko nilivyotarajia: alikuwa amepitisha mnyororo kwenye vipini vya mlango wa ghorofa ya tatu, akatia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Mlango ambao watu walipaswa kuusukuma na kushuka ngazi endapo moto ungezuka ulikuwa umegeuka ukuta. Kosa halikuwa la mlinzi. Neno "funga" linaruhusu kufuli, ilhali "shut" halisemi lolote juu ya kufuli. (Sembuse "mlango wa moto", ambao ulisikika kama umetoka katika mahubiri ya siku ya kiyama.)

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifundisha neno hili kwa uangalifu usiolingana na ufupi wake. Maelezo yanayofuata yanalichukua hatua kwa hatua, pamoja na jirani zake wawili wasioachana nalo, "close" na "lock", kwa ajili ya msomaji anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika au kutafsiri Kiingereza.

Hatua ya kwanza: pima upana wa "funga"

Kabla ya kushika kitenzi cha Kiingereza, ni vema kutambua kwamba tatizo linaanzia nyumbani. Kitenzi "funga" kimebeba mzigo mkubwa mno. Tunafunga mlango, tunafunga kamba, tunafunga mzigo, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao, tunafunga mhalifu, tunafunga breki na tunafunga hesabu za mwaka, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu nomino inayofuata ndiyo inayoamua maana. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kwa kila mojawapo ya hayo kina kitenzi chake: kamba ni "tie", mzigo ni "pack", ndoa ni "marry", saumu ni "fast", bao ni "score", mhalifu ni "jail", breki ni "brake". Katika orodha hiyo yote, mlango na hesabu tu ndivyo vinavyoingia katika eneo la "shut" na "close", na hata hesabu zinakubali "close" peke yake.

Jaribio ninalopendekeza ni hili. Jiulize kama kuna uwazi, na kama kuna kitu kinachosogea hadi kikauziba uwazi huo: ubao wa mlango, kifuniko cha sanduku, droo, kope za macho, midomo, kurasa za kitabu. Ikiwa vyote viwili vipo, uko katika "shut" au "close". Ikiwa kuna kamba au utepe, ni "tie". Ikiwa kuna ncha mbili zinazokutanishwa kwa bizimu au kifungo, ni "fasten" au "do up", na ndiyo maana mhudumu wa ndege huwaambia abiria "Fasten your seat belts", wala hamwambii mtu "shut" mkanda wake. Ikiwa kinachokatizwa ni mkondo, yaani umeme, sauti au maji ya bomba, ni "turn off" au "switch off". Mwanafunzi anayesema "close the radio" au "close the tap" ametafsiri "funga redio" na "funga bomba" neno kwa neno, na Mwingereza atamwelewa baada ya kusita kidogo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Kiswahili nacho kina vitenzi vyembamba vya eneo hili, ingawa tumezoea kuviacha kabatini. Mlango uliosogezwa hadi kwenye fremu bila kutiwa chochote umeshindikwa au umeegeshwa, kwa maneno ya kila siku umerudishwa, kama mama anavyomwambia mtoto, "Rudisha mlango, mbu wanaingia." Mlango uliotiwa komeo umekomewa. Macho hufumbwa, tundu huzibwa, sufuria hufunikwa, taa huzimwa. Mwenye kuvikumbuka vitenzi hivi hapati shida kubwa na "shut", kwa kuwa tayari anazo tofauti ambazo Kiingereza kinamdai.

Kwa hiyo maana ya msingi ya "shut" ni mahali kitu kilipo: kinachosogea kimefika mwisho wa njia yake na uwazi umekwisha. "Lock" ni jambo la pili, linalofuata baadaye au lisifuate kabisa, nalo linahusu kizuizi: ufunguo, kufuli, namba za siri. Ndiyo sababu Mwingereza anaweza kusema bila kujipinga, "The door is shut, but it isn't locked." Ukitafsiri sentensi hiyo kuwa "Mlango umefungwa lakini haujafungwa", utamchekesha msomaji. Sema "Mlango umerudishwa, ila haukutiwa ufunguo."

Hatua ya pili: yajue maumbo yake

Kitenzi hiki hakibadiliki umbo. Wakati uliopo ni "shut", wakati uliopita ni "shut", na umbo linalofuata "have" au "be" pia ni "shut". Hakuna "shutted". Kipo katika kundi dogo la vitenzi vifupi vyenye tabia hiyo, pamoja na "cut", "put", "hit", "let" na "cost", na mwanafunzi anayeviweka pamoja kichwani huvishika mara moja. Umbo la kuendelea ni "shutting", lenye "t" mbili.

Uthabiti huo una gharama yake kwa mfasiri. Sentensi "They shut the gate at six" inaweza kuwa "Hufunga geti saa kumi na mbili" au "Walifunga geti saa kumi na mbili", na hakuna kitu ndani ya sentensi yenyewe kinachoamua. Itabidi uangalie sentensi za jirani. Nafsi ya tatu umoja ndiyo inayokuokoa, kwa kuwa "She shuts the gate" ni mazoea na "She shut the gate" haina budi kuwa jambo lililopita. Na kwa vile saa imetajwa, nikumbushe kwamba "six" ya Kiingereza ni saa kumi na mbili yetu. Nimewahi kuona tangazo la duka, lililotafsiriwa kwa haraka, ambalo kwa Kiswahili lilifunga duka saa sita mchana.

"Close" kwa upande wake ni kitenzi cha kawaida: "close", "closed", "closing". Kosa la wasemaji wa Kiswahili hapa ni la mdomo zaidi kuliko la kalamu, nalo linatupeleka kwenye matamshi.

Hatua ya tatu: matamshi

Kwa sikio la Kiswahili, "shut" linakaribia "shati", na wengi wetu huliongezea irabu ya mwisho bila kujua, hadi ombi la kufunga mlango linakuwa ombi la vazi. Irabu yake ni "a" fupi sana, na "t" inakatika pale pale. Ukiirefusha irabu hiyo na kuilegeza unapata "shirt", ambalo ndilo lililotuzalia "shati". Ukiigeuza kuwa "o" fupi unapata "shot". "O" ndefu, "short". Fanya mazoezi ya manne hayo kwa pamoja.

"Close" lina mtego mwingine. Likiwa kitenzi huishia kwa sauti ya "z". Likiwa na maana ya "karibu" huishia kwa "s". Kwa hiyo "The road is close to the school" inasema barabara iko karibu na shule, na "The road is closed to lorries" inasema malori hayaruhusiwi kupita. Mwenye haraka husikia kitu kimoja. Kumbuka pia kwamba "closed" ni silabi moja tu, na "d" ya mwisho inaegemea "z" bila irabu katikati; "klozidi" ni Kiswahili kilichovaa suti.

Hatua ya nne: uchague "shut" au "close"?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu la vitabu vingi vya shule, kwamba maneno haya yana maana moja, ni kweli nusu. Kwa mlango, dirisha, macho, mdomo, kitabu na droo unaweza kutumia lolote, na hakuna atakayekulaumu. Tofauti yao inaonekana unapoijua asili yao.

"Shut" limetoka katika Kiingereza cha kale, kwenye kitenzi "scyttan", ambacho maana yake ilikuwa kutia komeo. Ni ndugu wa "shoot", kwa kuwa komeo "hurushwa" kutoka upande mmoja hadi mwingine; ukoo huo huo ndio uliotoa "shuttle", ile kalamu ya mfumanguo inayokwenda na kurudi katika nyuzi za mtande, ambayo siku hizi jina lake limebandikwa ubavuni mwa mabasi madogo yaendayo na kurudi kati ya Nairobi na Arusha. Kwa maneno mengine, "shut" lilianza maisha yake likiwa "komea" kabisa, kisha likalegea hadi likabaki na mlango bila komeo. "Close" ni mgeni aliyekuja baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Lilipitia Kifaransa likitokea kwenye kitenzi cha Kilatini "claudere", na ukoo wake umejaa maneno ya ofisini na mahakamani: "include", "exclude", "conclude", "enclose".

Msemaji wa Kiswahili ana nyenzo nzuri ya kuuhisi mgawanyo huu, kwa sababu lugha yetu nayo imejengwa kwa matabaka. Linganisha "ngoja" na "subiri". Maana ni ile ile, lakini "Ngoja hapo!" ni sauti ya mtu mlangoni pake, ilhali "Tafadhali subiri" ni sauti ya karani nyuma ya dirisha la kioo. Moja limezaliwa na Kibantu, jingine limetoka Uarabuni likiwa na adabu zake. "Shut" ni "ngoja", na "close" ni "subiri". Ndiyo maana "Please close the door" inasikika kuwa ya upole kuliko "Shut the door", hata ukiongeza "please" kwenye hiyo ya pili.

Mgawanyo huo ukiuelewa, mengi hujipanga yenyewe. Mambo yasiyoshikika kwa mkono, yenye sura ya kiofisi, ni ya "close" peke yake: "close an account" ni kufunga akaunti ya benki, "close a meeting" ni kufunga mkutano, "closing date" ni tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, na "closing ceremony" ni hafla ya kufunga michezo. Hapo "shut" haliingii hata kwa kulazimishwa. Mkutano unaotarajiwa kuendelea siku nyingine, hata hivyo, haufungwi bali unaahirishwa, nao kwa Kiingereza ni "adjourn". Jambo linalotendeka polepole pia hupendelea "close": ua hujikunja jioni, jeraha hufunga, usiku hutanda, na vyote hivyo Kiingereza huvisimulia kwa "close" na viambatani vyake, yaani maneno madogo yanayokifuata kitenzi.

"Shut" nalo lina himaya yake, ndogo lakini isiyoingilika. Mahali ambapo kitu au mtu anabaki upande mmoja wa kizuizi kwa sababu ya kufungwa huko, "shut" ndilo neno: "She shut the goats in the shed" ni kuwafungia mbuzi bandani, na "I shut my finger in the door" ni kujibana kidole na mlango. Usiseme kamwe "I closed my finger in the door." Kisha kuna nguvu na sauti. Mlango uliobamizwa na upepo "slammed shut", mtego ulionasa panya "snapped shut", dirisha lililopigiliwa misumari lisifunguke "was nailed shut", bahasha iliyobandikwa kwa gundi "was glued shut". Muundo huu, ambapo kitenzi cha kwanza kinaeleza namna na "shut" linaeleza hali iliyofikiwa, hauna kifani cha moja kwa moja katika Kiswahili. Sisi huupa kitenzi kimoja chenye nguvu, kama "bamiza" au "pigilia", na kumwachia msomaji amalizie mwenyewe.

Magazeti ya Kiingereza yana sababu ya tatu ya kupenda "shut", nayo haina uhusiano na maana: lina herufi nne tu. Kichwa cha habari kikisema "Airport shut", usidhani uwanja umefungwa kwa ukali zaidi kuliko ule ambao habari yenyewe, mistari miwili chini, itasema "has been closed".

Hatua ya tano: mahali pake katika sentensi likiwa sifa

"Closed" linaweza kukaa mbele ya nomino: "a closed door", "closed eyes". "Shut" halikubali kukaa hapo. Huwezi kuandika "a shut door". Ni lazima nomino itangulie, pamoja na "is", "stay", "keep" au neno la namna hiyo, ndipo "shut" lifuate: "The door is shut", "Keep your mouth shut", "He sat with his eyes shut". Kibao changu cha buluu kilijengwa kwa muundo huu huu, na "keep" ndilo neno nililolidharau. Halimwamuru mtu afanye tendo moja la kufunga. Linaamuru hali idumu. Mlango wa namna hiyo kwa kawaida una mkono wa chuma wenye springi unaourudisha wenyewe kila mtu anapopita, na kazi ya kibao ni kumkataza mtu asiuegemeze tofali ili ubaki wazi kwa ajili ya upepo.

Mlangoni mwa duka utakuta "Closed" mara nyingi kuliko "Shut", na saa ya kufunga ni "closing time". Hakuna "shutting time".

Nahau nazo zimeshachagua upande wake. "Behind closed doors" ni faraghani, na ndiyo inayotumika timu ikiadhibiwa kucheza bila mashabiki. "An open-and-shut case" ni kesi isiyo na utata. "To shut one's eyes to something" inakutana uso kwa uso na "kulifumbia macho jambo", na ni nadra sana lugha hizi mbili kupeana mkono namna hiyo. Ipo pia methali inayozungumzia kufunga banda baada ya farasi kukimbia, "to shut the stable door after the horse has bolted", ambayo ina mzaha uliojificha: "bolt" huku ni kutoroka, na kwingineko "bolt the door" ni kuukomea mlango.

Hatua ya sita: viambatani

Kiingereza huongeza neno dogo nyuma ya kitenzi na kubadilisha maana nzima, na hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapaswa kutulia, kwa sababu sisi kazi hiyo tunaifanya kwa viambishi ndani ya kitenzi: fungia, fungika, fungana.

"Shut down" ni kusimamisha kazi ya kitu kizima: kiwanda, mtambo, kompyuta. Kwenye kompyuta tofauti inaonekana waziwazi, kwani dirisha la programu moja unalifunga kwa "Close" na mashine yote unaizima kwa "Shut down". Kitenzi "zima" ndicho kinachofaa kwa mashine, na "funga" kwa kiwanda au ofisi.

Nomino yake, "shutdown", imetusumbua sana katika habari za Marekani. Bunge la huko lisipopitisha fedha za matumizi kwa wakati, idara za serikali zisizo za lazima husimamisha kazi. Ile iliyoanza Desemba 2018 hadi Januari 2019 ilidumu siku 35. Nimesoma tafsiri nyingi zilizosema "serikali imefungwa". Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza kwa haki kabisa: imefungwa jela au imefungwa mabao mangapi? Ni heri kuandika "shughuli za serikali zimesitishwa" na kueleza sababu katika sentensi inayofuata.

"Close down" ni kufunga moja kwa moja. Biashara ikifungwa jioni hadi kesho, "it closes". Ikifungwa isifunguliwe tena, "it closes down", na kwa lugha ya nyumbani mwenyewe "has shut up shop". Tofauti hii inahitaji uangalifu katika habari za shule. Shule za Kenya na Tanzania zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zile za Uganda zikakaa karibu miaka miwili hadi Januari 2022, Kiingereza kilisema "schools were closed". Kama mtu angeandika "were closed down", angemaanisha shule hizo zimekufa. Na kwa kuwa tumegusa shule: mwanafunzi wa Nairobi au Kampala akisema "We closed school on Friday", Kiingereza hicho ni chetu, kinaeleweka kwetu, lakini Mwingereza angesema "We broke up on Friday". Sioni haja ya kukikemea kikiwa katika mazungumzo ya hapa kwetu. Kwa msomaji wa nje, kibadilishe.

"Shut off" ni kukatiza mkondo, hasa maji, gesi au umeme, mara nyingi kwenye koki au swichi kuu. "Shut out" ni kumwacha mtu nje, iwe nje ya nyumba au nje ya mambo. Hapa ndipo "fungiwa nje" linapofaa, ila kama ufunguo umehusika ni "locked out". "Shut in" ni kinyume chake. Angalia pia kwamba "kufungiwa" ya mpira na ya magazeti iko mbali kabisa na hayo: mchezaji aliyefungiwa mechi tatu "has been suspended for three matches", na gazeti lililofungiwa "has been banned".

Hatua ya saba: "shut up", neno la kupimiwa mizani

Mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake "Shut up", wala mtoto hamwambii mkubwa kwa hali yoyote. Wengi wetu tumelisikia mno katika filamu hadi tukadhani ni "nyamaza" ya kawaida. Sivyo. "Nyamaza" inaweza kutamkwa kwa huruma, kama unavyombembeleza mtoto anayelia, "Nyamaza, mwanangu." "Shut up" halibembelezi. Uzito wake uko karibu na "Funga mdomo!", na mitaani na "Funga bakuli lako!" Ukitaka utulivu darasani au mkutanini, sema "Please be quiet", au mbele ya watu wa heshima, "May I have your attention, please?"

Hata hivyo, marafiki, hasa vijana wa Marekani, hulitumia kwa mshangao wa furaha. Mmoja anasema amepata kazi, mwenzake anajibu "Shut up!" huku anacheka. Mfasiri akiandika "Nyamaza!" hapo ameiua habari njema. Andika "Acha wee!"

Hatua ya nane: nani aliufunga mlango?

"Shut" hukubali kuwa na mtenda na hukubali kukosa mtenda. "He shut the door" ina mtenda. "The door shut" haina. Hii ya pili usiitafsiri "Mlango ulifungwa", kwa sababu tendwa ya Kiswahili inamfanya msomaji amtafute aliyefunga. Chagua "Mlango ukajifunga", au kama kuna upepo na kishindo, "Mlango ukajibamiza." Katika hadithi ya kutisha tofauti hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Kinyume chake, tunaposema "Dirisha halifungi" au "halifungiki", Kiingereza hutumia "won't": "The window won't shut." Neno hilo hapa halizungumzii wakati ujao, bali ukaidi wa dirisha.

Hatua ya mwisho: jipime

Ziba majibu kwa karatasi, tafsiri kila sentensi, kisha linganisha. "Nimerudisha mlango lakini sikutia ufunguo" ni "I have shut the door but I haven't locked it." "Alifumba macho asione sindano" ni "She shut her eyes so as not to see the needle", "closed" lingefaa pia, ila "shut" linaonyesha kope zilizobanwa. "Timu yetu imefungwa mbili bila" ni "Our team lost two–nil", na hakuna kilichofungwa. "Barabara itafungwa kuanzia saa mbili usiku" ni "The road will be closed from 8 p.m.", ni tangazo rasmi, kwa hiyo "close", na saa imebadilika. "Nimejifungia nje" ni "I have locked myself out", kwa kuwa kilichokuweka nje ni kitasa. "Droo hii haifungi mpaka uisukume kwa goti" ni "This drawer won't shut unless you push it with your knee."

Sasa geuza upande, utoke Kiingereza uje Kiswahili, kwa sentensi moja tu: "Fire door keep shut". Mimi niliijaribu upya jioni ile ile, nikiwa nimesimama kwenye ngazi pamoja na mlinzi, mnyororo ukiwa umeshaondolewa. Nilimsomea pendekezo la kwanza, akasema bado angetia kufuli. Nikamsomea la pili, akaniuliza kama kurudisha ndiyo kufunga. Tulilobandika hatimaye lina maneno mengi kuliko ya Mwingereza, na liko pale hadi leo: "Mlango wa kuzuia moto na moshi. Urudishe kila unapopita. Usiuegemeze kitu. Usiutie kufuli."